Mbegu ya Kwanza ni ya Dani

Kila mwaka Dani alichelewa kupanda mahindi, na alichelewa makusudi. Mvua ya kwanza ikinyesha, udongo ukilainika, majirani wote wa kule Rangwe wakiwa wameinama mashambani, yeye alikuwa ameketi Masara, mbali kabisa upande wa Migori, akichagua maharagwe kwenye ungo. Simu ikilia alitazama jina, akaiweka chini, akaendelea kuchagua. Ikilia tena aliipokea, akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Acha inyeshe kwanza." Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha wiki nzima.

Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na hapa sitamwita kwa jina lingine. Jina lake limeandikwa kwenye saruji ya kaburi; anayelitaka aende akalisome.

Katika boma la Wajaluo wanaoshika desturi, mbegu ya kwanza ya msimu hutiwa udongoni na mwanamke aliye mkubwa wa boma. Kabla yake hakuna anayepanda. Anayemruka anajiitia chira, ule ugonjwa wa kuvunja mwiko, unaomkondesha mtu au mtoto wake mpaka abaki mifupa, na hospitali wakipima damu hawauoni. Dani aliolewa na kifungua mimba wa boma letu la Rangwe, chini kidogo ya Asumbi. Wakwe zake walipofariki, ukubwa ukawa wake. Alikuwa mkubwa alipoishi pale, na akabaki mkubwa hata baada ya kufukuzwa, maana ukubwa wa namna hiyo hauna mtu wa kuuondoa.

Aliyemfukuza ni mdogo wa mumewe. Kwa haki ya ukoo nilipaswa kumwita babu. Sikumwita. Nilimwita Shemeji, kama Dani alivyomwita, na mdomoni mwa Dani neno hilo lilikuwa chungu kuliko tusi lolote.

Kisa chenyewe Dani alikisimulia mara nyingi, na hakukiongeza chumvi. Babu alipokufa, kaburi lake likiwa bado bichi, Shemeji alikuja na wazee kusema atamrithi mjane. Dani akawajibu kwamba mwanamke aliyebatizwa harithiwi kama jembe, na kwamba Shemeji ana mke tayari, tena mke mwema, akamtunze huyo. Hakupiga kelele. Jumamosi iliyofuata alikwenda kanisani kama kawaida, maana alikuwa Msabato wa kufa na kupona. Aliporudi alikuta nyumba yake haina mlango. Shemeji alikuwa ameung'oa na bawaba zake, akaupeleka kwenye zizi lake la ng'ombe. Alipoulizwa alisema mwanamke asiye na mume hana haja ya mlango.

Dani hakubishana. Alimfunga baba yangu mgongoni kwa leso, akachukua sufuria moja na Biblia yake, akaondoka. Kilichomuuma zaidi, alisema, ni kwamba ule mlango ulitolewa siku ya Sabato, yeye akiwa amepiga magoti.

Masara ni mahali pa dhahabu. Watu huchimba mashimo, husaga mawe, hushinda kwenye vumbi, na jioni huwa na njaa ya kutisha. Dani aliwapikia nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na uji wa wimbi. Alijua kila mtu anakula kiasi gani. Kiswahili chake kilikuwa cha kazi tu, cha kuwaelewesha watu waliotoka kila pembe ya nchi, na alikitumia kwa ukali. Ijumaa alipika sufuria kubwa kupita siku zote, na jua likizama alifunika moto kwa majivu. Jumamosi wachimbaji wageni walikuja na sahani.

"Mama, leo hakuna chakula?"

"Leo ni Sabato. Kuja kesho."

"Sasa sisi tunalala njaa?"

"Jana ulikuwa wapi? Jana nilipika mingi. Wewe ulikuwa kwa shimo unatafuta dhahabu. Haya, kula dhahabu."

Halafu akaenda kanisani, viatu vyake vyeupe mkononi mpaka avuke matope, kofia ya kitambaa kichwani. Hakunywa chai ya majani wala kahawa. Hakula samaki asiye na magamba. Siku moja mchimbaji aliyetoka kwao Homa Bay alimletea samaki, kamongo mzima, akidhani anampa heshima. Dani alimshukuru, akampelekea jirani Mkatoliki. Nikamuuliza kama anamchukia kamongo. "Simli," alisema, "lakini simchukii. Hajawahi kuning'olea mlango."

Watu wa kanisa wanasema alikuwa na moyo wa kusamehe, na ni kweli, jambo ambalo lilinichanganya sana nilipokuwa mdogo. Kijana mmoja wa machimboni aliwahi kumwibia sufuria. Tulijua ni nani, na tulijua anapolala. Baba alitaka kwenda na watu. Dani alichukua mfuniko wa ile sufuria, akatembea mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha yule kijana, akampa. "Sufuria bila mfuniko itakusumbua," alimwambia. Yule kijana aliirudisha siku hiyo hiyo, na tangu hapo alimchotea maji mpaka alipohama. Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa wezi, walevi, na hata kwa mwalimu mmoja aliyemtukana mbele ya watu. Aliwasamehe upesi. Aliyebaki ni mmoja tu.

Mwaka wa kwanza Shemeji alipanda bila yeye. Alisema mwanamke aliyekwenda amekwenda. Viwavi wakala mahindi yake yote mpaka mabua, kisha kitinda mimba wake akaugua, akalala kitandani muda mrefu, shingo nyembamba. Wazee wakamwambia aende akamlete mwenye mbegu. Basi akaja Masara, kofia mkononi. Dani hakumfukuza. Alimkalisha kwenye benchi katikati ya wachimbaji wenye vumbi, akampa nyoyo, akamwacha ale mpaka amalize.

"Shemeji, nimekuja kwa ajili ya mbegu," alisema yule mwanamume.

"Nimesikia."

"Utakuja lini?"

"Nikimaliza kazi."

Alimaliza kazi mahindi ya majirani wa Shemeji yakiwa yamefika magotini. Mtoto alipona. Tangu mwaka ule Shemeji hakuthubutu tena.

Ajabu ni kwamba Dani hakuamini chira hata kidogo. Kanisani aliwakemea wanawake wanaoogopa miiko. Nilimuuliza, nikiwa msichana mkubwa wa kuweza kuuliza, kama kweli ni yeye aliyeleta wale viwavi.

"Viwavi ni wadudu," alisema. "Hawajui mkubwa wala mdogo."

"Sasa kwa nini unakwenda kupanda?"

"Kwa sababu yeye anaamini."

"Na kwa nini unachelewa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatia chumvi mbogani. "Kwa sababu yeye anaamini," akarudia.

Nilikwenda naye mara kadhaa, na nakiri nilizipenda safari hizo kuliko Krismasi. Alivaa nguo za kanisani, viatu vyeupe, mkoba mkononi, ndani ya mkoba punje za mahindi zimefungwa kwenye leso. Boma zima lilikuwa limesimama likimngoja. Hakwenda shambani moja kwa moja. Alipita kwanza kwenye zizi la ng'ombe, akasimama mbele ya mlango wake, mbao za mvule alizochonga mume wake, sasa zimechubuliwa na pembe na kupakwa samadi. Alibisha kwa kidole kilichokunjwa.

"Hodi."

Shemeji alisimama pembeni akitazama miguu yake.

"Hodi. Wenyewe wapo?"

Ng'ombe alilia ndani. Dani aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amekaribishwa vizuri, ndipo akaelekea shambani. Shimo lilikuwa limechimbwa. Aliomba kabla ya kuangusha mbegu, na sala yake ilikuwa ndefu. Aliombea ukoo, wajane, yatima, walio safarini, walio hospitalini, serikali, wanafunzi wanaofanya mitihani, na watu waliokuwa wakipita barabarani wakati huo huo. Mawingu yalijikusanya, ngurumo zikasogea, wanaume wameshika majembe na vichwa vimeinama, hakuna anayethubutu kusema amina kabla ya wakati. Mimi nilifumbua jicho moja nikamtazama Shemeji. Jasho lilimtoka. Mpaka leo nikikumbuka jasho lile nafurahi, na simwombi mtu radhi.

Walikuwa wakisali wote wawili, Shemeji Jumapili kwa Wakatoliki, Dani Jumamosi, kwa hiyo Mungu alisikiliza kesi hiyo hiyo mara mbili kwa wiki. Dani alimtaja kwa jina kila Ijumaa jua likizama, sisi tukiwa tumeshikana mikono mezani. "Baba, mpe maisha marefu," alisema. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni upendo. Nilikuwa nimeanza kazi mjini nilipomuuliza kwa nini anamwombea maisha marefu mtu aliyemtendea hivyo.

"Aliyekufa hajuti," alisema, akanipa sahani ya ugali nipitishe.

Nisije nikamwonyesha kama mtu aliyewatesa wasio na hatia. Mke wa Shemeji alikuja Masara mwaka mmoja, miguu imevimba kwa kutembea, akalia kwamba Dani akichelewa hivi watoto hula mboga za kuokoteza. Dani alimkumbatia. Walikuwa wameolewa boma moja na walipendana. Tangu siku ile, kila msimu, alimtumia magunia ya mahindi kwa siri, yakishushwa kwa ndugu zake yule mama, naye akiyachukua kidogo kidogo. Watoto hawakulala njaa tena. Shemeji aliambiwa yanatoka kwa ukoo wa mke. Kwa hiyo shamba lake lilikuwa tupu mbele ya kijiji kizima, na jioni alikula ugali wa mwanamke aliyemng'olea mlango, akajilamba vidole. Mkewe alikufa na siri hiyo. Nikiwa na hasira na dunia, huwa naliwaza lile tonge likishuka kooni mwake, na hasira inatulia.

Hasira hiyo nilianza nayo mapema. Nilisoma shule ya bweni upande wa Asumbi, karibu na boma, na siku ya wazazi kutembelea watoto Shemeji alikuja. Hakualikwa. Alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi, amebeba mkate mzima na chupa ya maziwa. Nilimwacha amesimama kwenye nyasi, nikarudi bwenini. Wakati wa likizo nilimsimulia Dani, nikitarajia sifa.

"Mkate ulikula?"

"Nilikataa."

"Mjinga wewe. Mkate ulikukosea nini?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuona cha kuchekesha. Alikuwa na uwezo wa kucheka katikati ya jambo lile, na mimi sikuwa nao, na nadhani hapo ndipo tulipotofautiana tangu mwanzo.

Mchungaji alikuja kumsemesha, zaidi ya mchungaji mmoja. Walikaa kwenye viti vyake vya plastiki, wakakubali uji, wakazunguka mbali kabla ya kufika kwenye kisasi. Dani aliwasikiliza wote. "Kisasi ni cha Bwana," alikubali. "Mimi namshikia kapu tu." Mmoja, kijana, alimwambia waziwazi kwamba hawezi kuona mbingu akiwa na kinyongo na mtu moyoni. Dani alimuuliza kama amemaliza uji, akamwongezea. Baadaye nilimsikia akiimba jikoni, wimbo wa kanisa, sauti ya pili, kama mtu asiye na mzigo wowote. Nilidhani ni ujeuri.

Mama yangu, mkaza mwana wake, alikuwa akiumia. Mama ni mtu laini. Alisema, "Mama mkwe, umri umeenda, mzee yule naye sasa anatembea na fimbo. Umalize hiyo maneno." Dani alimwambia asonge ugali, maji yamechemka.

Na kweli Shemeji alizeeka. Kila mwaka Dani alipobisha kwenye zizi, alikuwa amepungua kidogo: kwanza meno, kisha mgongo, kisha sauti. Mwaka mmoja alitaka kusema kitu. Alikuja mpaka karibu na shimo, akaanza, "Shemeji, ule mlango..." Dani akainua mkono. "Tuombe," alisema, na akafumba macho.

Mwaka huu mvua ilimkuta Dani kitandani, kwenye nyumba tuliyomjengea karibu na mji wa Migori. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alisema, na miguu ilikuwa imejaa maji. Niliomba ruhusa kazini nikaja kumwangalia. Mvua ya kwanza ilipogonga mabati, alimwita mama, akamwambia achukue leso yenye mbegu iliyokuwa chini ya mto, aende Rangwe akapande badala yake.

"Lini?" mama akauliza.

"Leo."

Mama aliondoka akilia kwa furaha. Mimi nilibaki nimesimama, na lazima uso wangu ulisema yote, maana Dani aliniambia niketi.

"Unamwachia," nilisema. "Baada ya yote yale unamwachia hivi hivi."

"Nilimsamehe zamani."

"Lini?"

"Barabarani, nikienda Masara, hata sijafika. Nilikuwa na baba yako mgongoni na sufuria kichwani. Nikaona sitaweza kubeba na yeye pia. Nikamwambia Mungu, huyu nimemtua."

Nilidhani homa ndiyo inayosema. Nikamgusa paji la uso, lilikuwa baridi.

"Dani. Miaka yote hii. Zizi, sala, simu usizopokea."

"Mungu nilimwambia. Yeye sikumwambia." Alipumua, akangoja pumzi irudi. "Kusamehe niliamriwa. Kumwambia sikuamriwa."

Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu lile lile la mbele ya zizi. Nilimuuliza kama anataka nimwambie Shemeji sasa. Alitazama dirisha, mvua ilikuwa ikishuka sawasawa, mvua nzuri ya mbegu.

"Una mdomo wako," alisema. "Utaona mwenyewe."

Alifariki mahindi yakiwa hayajatoa mbelewele. Mahindi ya Shemeji yalikuwa sawa na ya majirani, kwa mara ya kwanza tangu baba yangu abebwe mgongoni.

Mke harudi kuzikwa kwenye boma bila nyumba yake kusimama, na nyumba ya Dani ilikuwa imeanguka zamani. Kwa hiyo ilibidi ajengewe upya kabla mwili haujaletwa. Shemeji hakumwachia mtu kazi hiyo. Aliketi kwenye kiti akiwaelekeza vijana wapi nguzo, wapi bati. Mlango aliutundika mwenyewe, na walioshuhudia wanasema alikataa kusaidiwa hata kushikiwa msumari. Tulipofika na jeneza niliutambua kutoka mbali. Ulikuwa umesuguliwa mpaka mbao zikawa nyeupe, lakini alama za pembe zilibaki. Watu waliokuwa mbele walitaka kupita tu. Niliwaomba wasimame. Nikakunja kidole.

"Hodi."

Ulifunguliwa kutoka ndani. Shemeji alikuwa amesimama pale, na fimbo, na koti lile lile lililopigwa pasi.

"Karibuni nyumbani," alisema.

Dani alizikwa kando ya mume wake. Kwaya iliimba, mchungaji yule kijana akahubiri kwamba marehemu ameondoka na moyo mweupe, nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuwa nilijua ni kweli na nilijua yeye hajui kwa kiasi gani.

Jioni, watu wengi wakiwa wameondoka, nilikuwa nikiosha sufuria karibu na tangi la maji. Nilisikia fimbo kabla ya kumwona. Alisimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa mekundu kwa moshi.

"Mjukuu wangu," alisema kwa Kijaluo. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mgonjwa haendi bila kuacha neno. Alisema nini juu yangu?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa pale kwenye ulimi, fupi, lisingenichukua pumzi moja. Ninajua lingemfanyia nini. Angeketi kwenye lile jiwe, angelia, angelala usingizi usiku ule na usiku uliofuata. Mama yangu ndiye mkubwa wa boma sasa, na mama yangu hana uchungu, atapanda siku ya kwanza ya mvua kila mwaka mpaka afe. Hakuna atakayemchelewesha tena mzee yule. Kimebaki kitu kimoja tu cha kumngojesha, na kimebaki kwangu.

Nikaisugua sufuria.

"Alisema mahindi mwaka huu yapandwe mapema."

"Basi?"

"Basi."

Hakuondoka. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye bomba la tangi na hakuna aliyelifunga.

"Kama kuna lingine," alisema, "hata baadaye. Utaniambia."

"Nikikumbuka, Babu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na nilimwita makusudi. Nilimwona akilipokea neno lile kama mtu aliyepewa maji nusu kikombe. Alinishukuru, akageuka, akaenda zake polepole, akiushika ukuta wa nyumba ya Dani.

Siku hizi hunipigia simu. Anauliza habari za kazi, habari za mama, kisha anangoja. Namwambia tutaongea. Na kila Ijumaa jua likizama, nikiwa nimepika chakula cha kesho na moto umefunikwa kwa majivu, nainamisha kichwa namtaja kwa jina. Baba, mpe maisha marefu.